Uzi Bila Injini: Kuambatisha Nyuzi za Mfumo kwenye Injini ya Prolog Iliyopachikwa, na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kosa moja la kiufundi ambalo liliwahi kusingiziwa sarufi ya Kiswahili. Kosa lenyewe lilitokea wakati programu ya kukagua upatanisho wa kisarufi, iliyoandikwa kwa lugha ya Prolog na kupachikwa ndani ya programu ya lugha ya C, ilipozimika mbele ya hadhira. Tunaeleza maana ya uzi na injini, tunaonyesha ni kwa nini uzi uliozaliwa nje ya Prolog hauwezi kuuliza swali lolote kabla ya kuambatishiwa injini, na tunapendekeza istilahi za Kiswahili za kuyaelezea haya. Msimamo wetu ni kwamba ngeli za Kiswahili hazina ugumu wowote kwa tarakilishi. Ugumu uliokuwepo ulitokana na mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyaelewa, kuyaeleza na kuyarekebisha.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wamechukulia kwamba tarakilishi ni shamba la watu wengine. Sisi tuna fasihi, isimu na tafsiri. Wao wana mashine. Mgawanyo huu haujatufaa. Ni kweli kwamba kumekuwa na kazi za kutajika. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mnamo 1992 uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa njia ya tarakilishi, na kazi hiyo ikakua hadi kuwa mfumo uitwao SALAMA. Aidha, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mnamo 2004. Hata hivyo, ni nadra kumpata mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili akiandika kuhusu yale yanayotendeka ndani ya programu yenyewe.

Mwandishi wa makala haya alisukumwa kuandika na kisa kilichomfika. Tulikuwa wanafunzi wachache tulioandaa programu ndogo ya kukagua upatanisho wa nomino na kitenzi. Mwanafunzi angeandika sentensi katika tarakilishi moja ya maabara ya lugha, nayo programu iliyokuwa katika tarakilishi kuu ingemjibu iwapo upatanisho ni sahihi. Tuliijaribu kwa majuma mawili tukiwa tumekaa mbele ya tarakilishi kuu, tukiandika sentensi kwa mikono yetu. Haikukosea. Siku ya maonyesho tuliiunganisha na tarakilishi nyingine kwa mara ya kwanza. Sentensi ya kwanza kutumwa ilihusu kiboko anayeogelea. Programu ilizimika papo hapo, bila ujumbe wowote wa kosa.

Mgeni mmoja miongoni mwa waliohudhuria alitoa hukumu yake kabla hatujainua vichwa. Alisema kuwa hakushangaa, kwa kuwa Kiswahili kina ngeli nyingi mno zisizoweza kutiliwa kanuni na mashine. Baadhi ya wenzetu walitikisa vichwa kukubali. Hukumu hiyo ndiyo iliyotuuma kuliko kosa lenyewe, kwani tulijua kuwa sentensi ileile ilikuwa imekaguliwa mara nyingi bila tatizo. Je, mkosaji alikuwa ni ngeli ya kiboko, au kulikuwa na jambo jingine? Makala haya ni jibu la swali hilo.

2.0 Prolog na Sarufi ya Kiswahili

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, inafaa tueleze ni kwa nini tulichagua Prolog. Lugha hii ya programu ilibuniwa mnamo 1972 mjini Marseille, Ufaransa, na Alain Colmerauer pamoja na Philippe Roussel, huku misingi yake ya kimantiki ikichangiwa na Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupanga programu kwa mantiki. Jambo la kuzingatiwa na wanaisimu ni kwamba kundi la Colmerauer lilikuwa likitafuta njia ya binadamu kuwasiliana na tarakilishi kwa Kifaransa cha kawaida. Hivyo basi, Prolog ilizaliwa katika malezi ya uchunguzi wa lugha.

Katika lugha nyingi za programu, mwandishi huiamuru tarakilishi hatua kwa hatua. Katika Prolog, yeye hutaja mambo yaliyo kweli na kanuni zinazoyahusisha, kisha huuliza swali. Ni kazi ya Prolog kutafuta iwapo jibu linaweza kutolewa kutokana na yaliyotajwa. Ikifuata njia moja na kukwama, hurudi nyuma na kujaribu njia nyingine.

Tazama kipande kifuatacho, ambacho ni sehemu ya programu yetu:

nomino(mtoto, a_wa, umoja).
nomino(watoto, a_wa, wingi).
nomino(kiboko, a_wa, umoja).
nomino(kitabu, ki_vi, umoja).
nomino(vitabu, ki_vi, wingi).
nomino(uzi, u_zi, umoja).
nomino(nyuzi, u_zi, wingi).

kiambishi(a_wa, umoja, a).
kiambishi(a_wa, wingi, wa).
kiambishi(ki_vi, umoja, ki).
kiambishi(ki_vi, wingi, vi).
kiambishi(u_zi, umoja, u).
kiambishi(u_zi, wingi, zi).

sahihi(Nomino, Kitenzi) :-
    nomino(Nomino, Ngeli, Idadi),
    kiambishi(Ngeli, Idadi, Kiambishi),
    atom_concat(Kiambishi, _, Kitenzi).

Mistari ya mwanzo inataja nomino, ngeli zake kwa mujibu wa upatanisho, na idadi. Mistari inayofuata inataja kiambishi cha kila ngeli. Kanuni ya mwisho inasema kwamba nomino na kitenzi vimepatana iwapo nomino ina ngeli na idadi fulani, ngeli na idadi hiyo ina kiambishi fulani, na kitenzi kinaanza kwa kiambishi hicho. Maneno yanayoanza kwa herufi kubwa ni vigeu ambavyo Prolog huvijaza yenyewe.

Tukiuliza sahihi(kiboko, anaogelea), jibu ni kweli. Tukiuliza sahihi(kiboko, kinaogelea), jibu ni la. Umbo la neno linaanza kwa ki-, lakini kiboko ni kiumbe mwenye uhai na upatanisho wake ni wa A-WA. Mashine haikubabaika hata kidogo. Yamkini msomaji ataona upungufu: mtoto hasomi itakataliwa ingawa ni sahihi, kwa kuwa kanuni yetu haijashughulikia ukanusho. Upungufu huo, hata hivyo, hurekebishwa kwa kuongeza kanuni. Hauwezi kuizima programu.

3.0 Istilahi

Hatuwezi kuendelea bila kukubaliana kuhusu istilahi. Istilahi tunazopendekeza hapa zimeteuliwa kwa kigezo kimoja: neno liwe tayari lipo vinywani mwa watu na maana yake ya kawaida isipingane na maana mpya.

Uzi (wingi nyuzi) ni mfuatano mmoja wa amri unaotekelezwa ndani ya programu. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja, kila mmoja ukishughulikia jambo lake, mithili ya nyuzi zinazopita katika kitambaa kimoja. Ni sadfa ya kufurahisha kwamba neno hili linapatikana katika ngeli ya U-ZI, ambayo jina lake linasomeka vilevile.

Uzi wa mfumo ni uzi unaoundwa na kuratibiwa na mfumo wa uendeshaji wa tarakilishi wenyewe. Tumeepuka uzi asilia, kwa kuwa asilia humfanya msomaji afikirie jambo la kale au la kimaumbile, ilhali hoja hapa ni kujua nani aliyeuzaa uzi huo.

Injini ni sehemu ya Prolog inayofanya kazi ya kutafuta jibu. Neno hili limekwisha kukubalika katika Kiswahili kutokana na magari na mashua, nalo linabeba dhana ya kitu kinachoendesha kingine.

Kupachika ni kuiweka Prolog ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine, kama vile kito kinavyopachikwa katika pete. Kuambatisha ni kuupa uzi injini yake. Wengi wetu tunalijua neno hili kutokana na viambatisho vya barua pepe. Tumeliacha kuunganisha litumike kwa hatua nyingine ya kuandaa programu, ili dhana mbili zisigongane.

Rundo ni sehemu ya kumbukumbu ambamo injini huweka kazi yake ikiwa katikati ya kutafuta jibu. Kufuli ni kizuizi kinachouruhusu uzi mmoja pekee kupita kwa wakati mmoja.

4.0 Injini ni Nini Hasa?

Prolog tuliyoitumia ni SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker mnamo 1987 katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi. Mnamo 2003 Wielemaker alichapisha makala yanayoeleza jinsi nyuzi za mfumo zilivyoingizwa katika SWI-Prolog. Uamuzi wa kimsingi ulikuwa kuhusu mambo yapi yawe ya pamoja na yapi yawe ya kila uzi.

Mfano wa maktaba utatusaidia. Vitabu vilivyo rafuni ni vya wasomaji wote. Lakini kila msomaji anahitaji kiti, meza na daftari lake la kunakilia. Wasomaji mia wanaweza kutumia kamusi moja, ila hawawezi kuandika katika daftari moja kwa wakati mmoja na wakategemea kuelewa kilichoandikwa.

Katika SWI-Prolog, vitabu vya rafuni ni mambo kweli na kanuni: nomino, viambishi na sahihi. Hivi huonekana na nyuzi zote. Daftari na meza ni injini: marundo yake, vigeu vilivyojazwa, na kumbukumbu ya njia zilizojaribiwa na zile ambazo hazijajaribiwa. Hivi ni vya uzi mmoja. Kwa sababu hiyo, kila uzi unaotaka kuiuliza Prolog swali sharti uwe na injini.

Sasa tuangalie nyuzi zinavyozaliwa. Uzi ukiundwa ndani ya Prolog kwa kiarifu thread_create, hupewa injini yake bila mwandishi kuhangaika. Uzi unaoiamsha Prolog kutoka C kwa kuita PL_initialise hupewa injini kuu. Lakini uzi ulioundwa na programu ya C kwa pthread_create umezaliwa nje. Prolog haina habari nao. Uzi huo ni sawa na msomaji aliyeingia maktabani akaanza kuandika hewani: vitabu anaviona, meza hana.

Hapa ndipo kisa chetu kinapopata ufafanuzi. Kwa majuma mawili tuliuliza maswali kupitia uzi mkuu, uliokuwa na injini. Siku ya maonyesho, kila sentensi iliyotoka katika tarakilishi nyingine ilifunguliwa uzi wake mpya kwa pthread_create. Uzi huo uliita Prolog bila injini, ukagusa kumbukumbu isiyokuwepo, na mfumo wa uendeshaji ukaizima programu nzima. Sentensi haikufika hata kwenye kanuni ya kwanza. Prolog haikupata nafasi ya kujua kama aliyetajwa ni kiboko au kitabu.

5.0 Namna ya Kuambatisha

5.1 Injini moja kwa kila uzi

Njia iliyo nyepesi ni kuuambatishia kila uzi injini yake unapoanza na kuiondoa unapomaliza:

static void *mhudumu(void *hoja)
{ ombi *o = hoja;

  if ( PL_thread_attach_engine(NULL) < 0 )
    return NULL;
  o->jibu = kagua(o->nomino, o->kitenzi);
  PL_thread_destroy_engine();
  return NULL;
}

Amri PL_thread_attach_engine huunda injini na kuiambatisha kwenye uzi ulioiita. Ikifaulu hurudisha nambari ya utambulisho; ikishindwa hurudisha nambari hasi. Neno NULL linamaanisha kuwa tumeridhika na mipangilio ya kawaida. Mwandishi akitaka, anaweza kutaja kikomo cha marundo au kuipa injini jina. Katika tarakilishi za biti 64, kikomo cha kawaida cha marundo ya injini moja ni gigabaiti 1. Ikumbukwe kuwa hicho ni kikomo tu. Injini haichukui kiasi hicho chote inapoundwa.

Je, ikiwa uzi tayari una injini? Amri hii haiundi nyingine, bali huongeza hesabu ya maombi. Maana yake ni kwamba PL_thread_destroy_engine haitaiondoa injini mpaka iitwe mara sawa na idadi ya maambatisho. Aliyefunga mafundo mawili hana budi kufungua mawili.

Msomaji anayeshuku kama uzi wake una injini anaweza kuita PL_thread_self. Jibu likiwa -1, uzi hauna injini. Laiti tungeuliza swali hili moja kabla ya maonyesho, tusingeaibika.

Kazi yenyewe ya kukagua huandikwa hivi:

int kagua(const char *nomino, const char *kitenzi)
{ fid_t f = PL_open_foreign_frame();
  term_t h = PL_new_term_refs(2);
  predicate_t p = PL_predicate("sahihi", 2, "user");
  int jibu;

  PL_put_atom_chars(h, nomino);
  PL_put_atom_chars(h+1, kitenzi);
  jibu = PL_call_predicate(NULL, PL_Q_NORMAL, p, h);
  PL_discard_foreign_frame(f);
  return jibu;
}

Mstari wa kwanza unafungua fremu na ule wa karibu na mwisho unaitupa. Kila kilichowekwa kwenye marundo kati ya hiyo miwili husafishwa. Bila fremu, uzi unaoishi muda mrefu ungeendelea kulimbikiza takataka kwa kila swali.

5.2 Nyuzi chache za kudumu

Njia ya kwanza ina gharama. Kuunda na kuvunja injini ni kazi nzito ikilinganishwa na kukagua sentensi moja fupi. Ni kama kununua meza mpya kwa kila msomaji na kuichoma anapoondoka. Njia bora kwa programu yetu ilikuwa kuanzisha nyuzi chache, kila mmoja ukaambatishiwa injini mara moja tu, kisha maombi yakapangwa katika foleni. Uzi ulio huru huchukua ombi lililo mbele, hujibu, na kurudi kusubiri. Injini huondolewa programu inapofungwa.

5.3 Akiba ya injini

Kuna hali ambapo nyuzi ni nyingi na hatuna uwezo wa kuziamua, kwa mfano pale ambapo programu nyingine ndiyo inayoziunda. Hapo tunaweza kuweka akiba ya injini. PL_create_engine huunda injini isiyokuwa ya uzi wowote. Uzi wenye swali huiazima kwa PL_set_engine, huuliza, kisha huirudisha. Injini ikiwa mikononi mwa uzi mwingine, jibu huwa PL_ENGINE_INUSE, yaani inatumika. Wahenga walisema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Vivyo hivyo, nyuzi mbili hazishiki injini moja kwa wakati mmoja.

6.0 Makosa Yanayofuata Baada ya Kuambatisha

Tulipoambatisha injini, programu iliacha kuzimika. Tulifurahi mapema mno. Yalituzukia mambo matatu ambayo msomaji anafaa kuyajua.

Kwanza, mwenzetu mmoja alipendekeza kuwa kufuli lingetosha. Hoja yake ilikuwa kwamba nyuzi zikipokezana, hakuna haja ya injini nyingi. Hoja hii inavutia lakini haisimami. Kufuli huzuia nyuzi mbili zisiingie pamoja, ila haliupi injini uzi usiokuwa nayo. Msomaji asiye na meza hatapata meza kwa sababu tu amebaki peke yake maktabani.

Pili, tuliandaa hoja za swali katika uzi mkuu na kuzikabidhi kwa uzi mwingine ili uulize. Majibu yakawa ya ajabu. Sababu ni kwamba kile kiitwacho term_t hakina neno lenyewe ndani yake. Ni kielekezi cha mahali fulani katika marundo ya injini moja. Ukurasa wa kumi wa daftari langu si ukurasa wa kumi wa daftari lako. Uzi unaotaka kuupa mwingine kitu cha Prolog unafaa kukinakili kwa PL_record, na mpokeaji akifungue kwa PL_recorded katika injini yake. Kwa programu ndogo kama yetu, ilitosha kupitisha maandishi ya kawaida na kuacha kila uzi uandae hoja zake, kama inavyoonekana katika kagua.

Tatu, tulikuwa tukihesabu makosa ya wanafunzi wote kwa kufuta hesabu ya zamani na kuandika mpya. Nyuzi mbili zilisoma 5 kwa pamoja, kila mmoja ukaandika 6, na kosa moja likapotea. Vitabu vya rafuni ni vya wote kusoma. Anayetaka kuviandika hana budi kushika zamu. Hapa ndipo kufuli lilipo mahali pake, kupitia kiarifu with_mutex. Pale ambapo kila uzi unahitaji hesabu yake pekee, tangazo la thread_local hutosha. Lakini tahadhari: mambo hayo hukaa na injini. Katika akiba ya injini, anayeazima anaweza kuyakuta masalia ya aliyemtangulia, na kwa hiyo hana budi kuyafuta kwanza.

7.0 Funzo kwa Taaluma Yetu

Turejee kwenye hukumu ya yule mgeni. Alikosea, lakini alikosea kwa namna ambayo sisi wenyewe tuliiruhusu. Programu ilipozimika, hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kusema kwa Kiswahili, mbele ya hadhira ya Kiswahili, kilichotokea. Tulinyamaza, na kimya chetu kikajazwa na maelezo yaliyokuwa karibu: kwamba lugha yetu ni ngumu. Mahali ambapo hapana istilahi, dhana potovu huingia kwa wepesi.

Fauka ya hayo, tuligundua kuwa istilahi nyingi za Prolog si ngeni kwetu. Prolog huzungumzia kishazi, kiarifu na hoja. Dhana hizi zimetoka katika mantiki na sarufi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu amekwisha kukutana nazo, ingawa maana hazilingani kikamilifu. Kishazi cha Prolog, kwa mfano, ni jambo kweli au kanuni nzima inayokomea kwenye nukta, ilhali kishazi cha sintaksia hujengwa juu ya kitenzi. Tofauti kama hizi zinafaa kujadiliwa darasani badala ya kukimbiwa.

Kuna wanaoweza kupinga kuwa huku ni kupotosha lengo la idara ya Kiswahili, na kwamba kazi ya nyuzi na injini waachiwe wahandisi. Tunakubali kuwa si kila mwanafunzi wa fasihi anahitaji kuandika C. Hata hivyo, mhandisi asiyejua kwa nini kiboko ni A-WA hataiandika kanuni ile, na mwanasarufi asiyejua kwa nini uzi unahitaji injini hataweza kuitetea kanuni yake inapohukumiwa kwa kosa la mwingine. Wawili hawa wanahitajiana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uzi wa mfumo uliozaliwa nje ya Prolog hauna budi kuambatishiwa injini kabla ya kuuliza swali. Kwamba kanuni ni za pamoja ilhali injini ni ya uzi mmoja kwa wakati mmoja. Na kwamba kuna njia tatu za kuambatisha, kila moja ikiwa na mahali pake. Tuliirekebisha programu kwa njia ya nyuzi chache za kudumu. Baadaye iliendeshwa katika maabara ileile, tarakilishi kadhaa zikituma sentensi kwa pamoja, na sentensi ya kiboko ikakaguliwa bila tatizo. Yule mgeni hakuwepo. Tunatumaini kuwa makala haya yatamfikia, na kwamba msomaji atakayesikia tena Kiswahili kikilaumiwa kwa kuwa mashine imezimika atauliza kwanza: je, uzi ulikuwa na injini?

Maswali ya Kuzingatia

1. Kwa kutumia mfano wa maktaba, eleza ni kwa nini kufuli peke yake haliwezi kuchukua nafasi ya kuambatisha.

2. Ongeza kanuni katika programu ya sehemu ya 2.0 ili mtoto hasomi ikubaliwe na mtoto hawasomi ikataliwe.

3. Uzi umeita PL_thread_attach_engine mara tatu na PL_thread_destroy_engine mara mbili. Je, una injini au hauna? Fafanua.

4. Jadili ubora na udhaifu wa istilahi uzi wa mfumo, injini na kuambatisha kama zilivyopendekezwa katika makala haya. Ungependekeza zipi badala yake, na kwa vigezo gani?